Jiwe la Picha na Lenzi ya Hamsini

Jumamosi, 1 Februari

Kosa la watu wengi ni kuamini kwamba namba iliyoandikwa kwenye lenzi ndiyo inayosema picha itachukua watu wangapi. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, nimechora miale ya mwanga ubaoni mpaka mikono ya shati ikawa myeupe kwa chaki, na kosa hilo hilo limekaa nyumbani kwangu tangu Pasaka iliyopita bila mimi kuliona. Leo nimeliona.

Gladness, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Ruthu, alikuja asubuhi nimsafishie lenzi. Yeye hupiga picha za mahafali na harusi mjini. Lenzi yenyewe ni yangu, ya milimita hamsini, niliyonunua na kamera ya filamu nikiwa kijana. Mwaka jana alitafuta pete ya kuunganishia, akaifunga kwenye kamera yake ya kisasa, akaniambia, "Babu, jicho lako limepata mwili mpya." Nilifurahi siku hiyo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilipomaliza kuifuta nikatoka nayo uani, nikasimama kwenye jiwe, nikachungulia. Baraza halikuenea.

Inabidi nieleze jiwe. Tulipohamia hapa Mkonze nilitafuta mahali ambapo kamera yangu ingechukua baraza lote, kuanzia mlango wa sebule hadi nguzo ya mwisho, bila kuacha nafasi ya bure. Nilipopapata nikachimbia jiwe jeupe. Tangu hapo, kila Jumatatu ya Pasaka, kamera husimama juu ya jiwe nasi hupanga mstari barazani kwa kufuata kuzaliwa: mkubwa mlangoni, kitinda mimba na mkewe kwenye nguzo. Kila nyumba ya ukoo hupewa nakala. Watoto wangu wamekua wakijua kwamba jiwe halikosei, maana mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Leo, kwa lenzi ile ile, juu ya jiwe lile lile, nguzo haikuonekana. Na kwenye nguzo ndipo alipokuwa amesimama mwanangu Bartolomayo na mkewe Hana Pasaka iliyopita. Kwenye picha ile Hana hayumo kabisa, na Bartolomayo ni kiwiko.

Alhamisi, 6 Februari

Jua kali. Mtama umekunja majani. Mke wangu Lea anasema mume wake ameacha kupalilia, siku hizi anachungulia tundu. Ni kweli.

Jumapili, 9 Februari

Tumetoka kanisani tukiwa tumeomba mvua. Mawingu yalipita juu yetu yakaenda kunyesha kwa watu wengine.

Niandike ugomvi ulivyokuwa, nipate kuutazama vizuri.

Pasaka iliyopita Gladness alitega kamera ijipige yenyewe ili naye aingie kwenye picha. Kwa adabu alianza kutazama upande wa wakubwa. Alihakikisha dada yangu Debora, mkubwa wetu sote, ameenea yeye na kiti chake, kisha akakimbilia mahali pake. Upande wa wadogo aliliachia jiwe. Wingu lilikuwa limetanda, tukapiga mara moja tu, mvua ikatuingiza ndani. Alipoiona picha mjini alidhani mjomba wake alisogea, akaona aibu kutuita tena, akaichapisha hivyo hivyo.

Bartolomayo anaishi Kondoa, anakamua na kuuza mafuta ya alizeti. Alipopata nakala yake alimpigia Ruthu simu na kumuuliza kwa nini wamemkata. Ruthu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alimwambia asimsingizie mtoto. Eti yeye mwenyewe ndiye aliyesimama nje ya mstari, kama kawaida yake. Tangu siku hiyo Bartolomayo hajakanyaga hapa. Krismasi Lea alipika pilau ya watu wote, na sahani mbili zikabaki zimefunikwa mpaka jioni. Mimi nilimwamini Ruthu, kwa kuwa kijana huyu tangu utoto hupenda kusimama kando.

Pasaka inakuja. Debora amezeeka, nami simfuati kwa mbali. Nataka mwanangu arudi kwenye nguzo yake.

Jumanne, 18 Februari

Gladness amekuja tena, nikamweleza mezani, kwa penseli.

Hamsini, nilimwambia, ni urefu wa fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na mahali ambapo vitu vya mbali hujichora sawasawa. Hiyo ni mali ya lenzi. Haibadiliki ukiihamishia kwenye kamera nyingine, kama vile kimo changu kisivyobadilika nikiazima koti la mtu mrefu. Ndani ya kamera lenzi huchora duara la mwanga. Filamu yangu ilikuwa mstatili wenye upana wa milimita thelathini na sita, uliochota sehemu kubwa ya duara lile. Kamera yake haina filamu, ina kihisi, kipande kidogo kinachopokea mwanga, na upana wa kihisi chake ni kama milimita ishirini na nne. Duara ni lile lile. Kinachochotwa ni katikati tu, na pembeni kunamwagika.

"Lakini Babu, dukani waliniambia kwenye kamera hii lenzi inarefuka, inakuwa sabini na tano."

Nikamwambia wamekaribia ukweli, ila wamekosea neno. Thelathini na sita ukigawa kwa ishirini na nne unapata moja na nusu. Hamsini mara moja na nusu ni sabini na tano. Lenzi haiwi sabini na tano, ila kwenye kamera yake inaona eneo lile lile ambalo lenzi ya sabini na tano ingeliona kwenye kamera yangu ya zamani. Ndiyo maana ya kusema lenzi mbili zinalingana: zinalingana kwa kile kinachoingia kwenye picha, basi.

Akauliza kama tunaweza kurudi nyuma ya jiwe. Hatuwezi. Jirani amejenga ukuta wake kwenye mpaka, na kati ya jiwe na ukuta mtu hupita kwa ubavu. Isitoshe, ukirudi nyuma picha inakuwa nyingine. Watoto wanaokaa chini mbele hupungua kimo kuliko tunavyopungua sisi wa nyuma, na baraza linaonekana kama limesogezwa hadi migongoni mwetu. Mimi nataka picha ile ile ya miaka yote.

Basi tukagawa badala ya kuzidisha. Hamsini kwa moja na nusu ni thelathini na tatu na kidogo. Ana lenzi iliyokuja na kamera, inayozungushwa kuanzia kumi na nane hadi hamsini na tano, ambayo ameitupa kabatini kwa kuwa wenzake huicheka. Tukaifunga, tukaizungusha hadi thelathini na tatu, tukatoka hadi kwenye jiwe. Mlango upo. Nguzo ipo.

Akashusha kamera. "Kwa hiyo mjomba alisimama mahali pake," akasema.

"Alisimama."

"Na mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba alisogea."

Jumatano, 26 Februari

Gladness hakunisubiri. Ameandika maelezo yote kwenye kundi la ukoo la simu, na mchoro, na ameomba radhi. Akaongeza kwamba mjomba wake akitaka anaweza kumpachika kwenye picha ya mwaka jana kwa kompyuta, yeye na Hana, na mtu asijue. Bartolomayo amejibu mstari mmoja: "Sitaki kubandikwa, mimi si stempu."

Ruthu akaweka kidole gumba. Sijui alikubaliana na nani.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri na mpaka sasa inapiga bati. Siandiki zaidi, nakwenda kuisikiliza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Buigiri kumsalimia dada Debora. Alipelekwa huko akiwa mtoto, kwenye shule ya wasioona, akakulia huko, akaolewa huko, na hajapata sababu ya kuhama. Nilimkuta anachambua karanga za mwaka jana kwenye ungo. Alikwisha kusikia habari yote, na alitaka kujua kwa nini watu wazima wanagombania kiwiko.

Nikajaribu kumweleza kwa maneno. Akaniambia, "Daudi, unanifundisha kama mkaguzi yupo mlangoni. Nipe kitu nishike."

Basi nikamwambia ungo ndilo duara ambalo lenzi huchora. Nikapanga karanga mstari mmoja katikati, nikampitisha kidole juu yake: huyu ni wewe, huyu mimi, Lea, Ruthu na mumewe, na wengine, mpaka mwisho Bartolomayo na Hana. Kisha nikachukua kifuniko kikubwa cha bati la biskuti nikakifunikia juu. Akapapasa kingo, hakukuta karanga nje. Nikatoa kile kikubwa nikaweka kidogo, cha kopo la majani ya chai. Akapapasa huku akakuta moja nje, akapapasa kule akakuta mbili.

"Huyu wa huku ni mimi?"

"Ni wewe."

Akasukuma kifuniko taratibu mpaka karanga yake ikaingia. Kisha akahesabu upande wa pili kwa ncha ya kidole. Zilizobaki nje sasa zilikuwa tatu. Akaziokota mkononi.

"Kwa hiyo mlinisogezea mimi, mkawamwaga wao."

Nikamwambia ndivyo Gladness alivyofanya, kwa heshima, bila kujua. Akaitikia kwa kichwa huku anatafuna. Nikamuuliza anakula nini. Akapapasa ungo, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amemla Bartolomayo.

Njiani kurudi niliwaza kwamba nimefundisha somo la lenzi kwa madarasa mengi, na hakuna darasa lililonielewa upesi hivi.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Bartolomayo. Kondoa wamo kwenye mfungo wa Ramadhani, mchana biashara imelala, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kunisikiliza. Nilimwambia simwombi aamini hesabu zangu wala mchoro wa Gladness. Namwomba aje Jumamosi kabla ya Pasaka, atazame kwa macho yake kitu nitakachomwonyesha.

"Nitakuja kumsalimia mama," akasema. "Picha sipigi, baba."

Nikamwambia kumsalimia mama kunatosha.

Ijumaa, 28 Machi

Ndege wa kwelea kwelea wameshuka kwenye uwele. Lea na mimi tumeshinda tunapiga madebe kama wendawazimu.

Jumapili, 6 Aprili

Hana amempigia Lea leo na wameongea mpaka chakula kikaungua. Nilichoambiwa ni hiki: ile picha Bartolomayo hakuitupa wala hakuificha. Ameitundika sebuleni, mkabala na mlango. Kila mgeni akiingia humwonyesha baba yake, mama yake, shangazi yake, kisha huweka kidole pembeni na kusema, "Na huyu ni mimi."

Nilidhani mwanangu amenuna. Mtu aliyenuna hatundiki picha ya waliomwudhi. Nitalala nikiwaza hilo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetengeneza kisanduku. Lea ameuliza boksi lake la sabuni limekwenda wapi.

Jumamosi, 19 Aprili

Bartolomayo alifika saa nne na Hana, na dumu la mafuta ya alizeti kwa mama yake. Aliniamkia kwa heshima zote, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuchumbia. Ruthu alikuwepo na Gladness. Debora tulimleta jana. Ruthu akamsalimia mdogo wake, naye akaitikia, na salamu yao ikaishia hapo.

Sikutaka chai ianze kabla ya kazi. Nikawaomba wote wasimame barazani kama siku ya picha. Debora akaketi mlangoni, wengine wakafuata, wasiokuwepo tukawawekea viti. Nikamwambia Hana asimame kwenye nguzo. Bartolomayo nikamchukua mimi hadi kwenye jiwe.

Kisanduku changu ni boksi lile la sabuni. Mbele nimetoboa nikaingiza lenzi ya hamsini. Nyuma yake, kwa umbali wa hiyo fokasi, nimesimamisha karatasi niliyoipaka mafuta ya kupikia mpaka ikapitisha mwanga. Ukijifunika blanketi ukatazama karatasi kwa nyuma, unaona kile ambacho lenzi inakichora, kabla kamera haijakata kitu. Niliandaa pia vipande viwili vya kadi vyenye madirisha: kimoja kipana kama filamu yangu, kingine kama kihisi cha Gladness.

Akajifunika blanketi. Punde nikasikia, "Wako kichwa chini." Nikamweleza kwamba ndivyo kila lenzi inavyochora, hata ile iliyo jichoni mwake, na kwamba kamera hugeuza picha yenyewe. Nikampa kadi pana. Akasema wote wamo, shangazi huku, Hana kule, nguzo imeingia kidogo. Ndiyo ilikuwa picha yetu ya miaka yote.

Nikampa kadi ndogo.

Nyuma yangu barazani Debora alikuwa anauliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa ndani ya blanketi. Niliona viwiko vya Bartolomayo vikicheza. Alikuwa anaisogeza kadi, kama nilivyotarajia, huku na huku. Akimwingiza shangazi, Hana anatoka. Akimwingiza Hana, shangazi anatoka. Alirudia mara nyingi. Sikumsaidia. Mwanafunzi akifika hapo mwalimu anatakiwa kufunga mdomo.

Kisha akatulia. Sauti yake ikatoka chini ya blanketi, ndogo kabisa.

"Hana hajasogea."

"Hajasogea," nikamwambia.

"Amesimama pale pale. Na hayumo."

Ruthu alikuwa amemsikia. Aliacha mstari, akashuka ngazi, akamwomba mdogo wake ampishe. Alikaa ndani ya blanketi kwa muda, nami nikamwona naye akisogeza kadi, huku na huku. Alipotoka kilemba kilikuwa kimelegea na uso umeloa jasho. Joto la Aprili chini ya blanketi si dogo. Akamtazama Bartolomayo.

"Mdogo wangu, ulikuwa mahali pako."

"Nilikuwa kwenye nguzo, dada," akasema. "Nilikuwa nimeishika."

Ruthu alimshika kiwiko, kile kile cha kwenye picha, akakaa amekishika. Ndipo Lea alipotuambia kutoka barazani kwamba tutoke juani, chai inapoa, na aliyechukua blanketi lake la wageni alirudishe likiwa limekung'utwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Picha imepigwa.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yakakatika tukiwa bado tunavaa. Gladness alifunga lenzi yake ile ya kuchekwa, akaizungusha hadi thelathini na tatu, akaweka kamera kwenye stendi juu ya jiwe. Safari hii alianza kutazama upande wa wadogo, kisha wa wakubwa, kisha akarudi tena kwa wadogo. Debora akalalamika kwamba siku hizi wazee wanatazamwa mwisho. Gladness akamjibu, "Bibi, nikukate nywele au nikukate kwenye picha, chagua." Akamwambia Lea, ambaye humwita mke mwenza, asogee kidogo amwachie naye nafasi karibu na mume wao, yaani mimi.

Bartolomayo alisimama kwenye nguzo. Hakuna aliyemwomba. Jana jioni alikuwa bado anasema picha hapigi, na leo nimemkuta anapiga pasi shati.

Ikajipiga. Gladness akakimbilia kamera, akatazama kwenye kioo chake cha nyuma, pembe ya huku na pembe ya kule. Sote tukabaki tumesimama kama askari wanaokaguliwa.

"Kiwiko kimeingia?" Bartolomayo akauliza.

"Vyote viwili, mjomba."

Tukapiga nyingine mbili kwa usalama, kisha tukala. Karanga mbichi za kuchemsha, pilau, na sahani hazikubaki. Nilimwambia Bartolomayo kwamba nakala mpya ikichapishwa ile ya zamani anaweza kuitoa ukutani. Akasema hapana, atazitundika pamoja, ili wageni wakiuliza awaeleze habari ya kihisi. Nikamuuliza kama anaikumbuka sawasawa. Akanieleza yote, toka duara la mwanga hadi moja na nusu, na alikosea mahali pamoja tu. Alisema lenzi inarefuka. Nikamsahihisha. Lea akasema nimwache mtoto ale.

Jumatano, 23 Aprili

Wageni wameondoka. Mtama unakomaa, mashina yamebeba vizuri. Nyumba ni kimya na mimi ni mtu mwenye raha.

Kabla Gladness hajaondoka nilibandika kipande cha plasta chini ya kamera yake, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: moja na nusu. Akitaka kujua lenzi yoyote itaona kama nini kwenye macho yetu ya zamani, azidishe. Akitaka kurudisha picha ya zamani, agawe. Ameniomba maelezo haya awape wenzake mjini, na nimempa ruhusa anakili kurasa hizi, ila zile za pilau aziruke.

Kwa yeyote atakayezisoma: leo tafuta upana wa kihisi cha kamera yako, gawanya thelathini na sita kwa upana huo, andika jibu kwenye plasta na uibandike chini ya kamera.